Kipimo cha Pombe Katika Sabuni ya Ujiji

Mwanamke wa kwanza kuturudishia sabuni alikuja asubuhi, akaweka mezani kipande cha mche kilichobaki, kisha akakunjua viganja vyake. Ngozi ya vidole ilikuwa imebabuka, na katikati ya kiganja kimoja palikuwa na kidonda kibichi. Alikuwa mfua nguo wa mtaa wa Mwanga. Kufua ndiyo ilikuwa kazi yake, na mikono ile ndiyo aliyokuwa nayo.

Baba mdogo wangu, mwenye kiwanda, alimpa pole, akampa na mafuta ya kupaka. Alipoondoka, tulikaa tukikitazama kile kipande kama kitu kilichookotwa barabarani.

Kusema kiwanda ni kujikweza kidogo. Lilikuwa banda la mabati nyuma ya nyumba yetu Ujiji, lenye mapipa mawili yaliyokatwa ya kupikia, fremu za mbao za kumiminia, na watu sita. Mimi nilikuwa mpishi wa pili na mwandishi wa mambo yote, kwa kuwa nilimaliza sekondari. Tulichemsha mawese, tukachanganya na maji ya kostiki, yale magadi makali yaliyoletwa kwa treni ndani ya mapipa madogo ya chuma tuliyoyaita ngoma, tukakoroga mpaka mikono ife ganzi. Kostiki ikizidi, sabuni inaunguza. Ikipungua, sabuni inabaki laini na kuteleza kama ugali uliokosa unga. Kipimo chetu kilikuwa bakuli la bati. Bakuli lilikuwa lile lile kila siku, lakini sabuni haikuwa ile ile, na hatukujua kwa nini.

Ilikuwa miaka ya wakimbizi. Boti zilivuka ziwa zikiwa zimejaa watu na magodoro, na wengine walikuja kwa miguu wakitokea Burundi. Kambi zilikuwa zimejaa, na watu wale wote walihitaji kufua. Mfanyabiashara mmoja aliyekuwa akipeleka bidhaa kambini alikuwa ndiye mteja wetu mkubwa. Naye alisikia habari za mikono. Alikuja, akasimama mlangoni bila kuketi.

"Mzee, mimi sitapeleka kitu cha kuunguza watoto wa watu," alimwambia baba mdogo. "Nitarudi baada ya wiki mbili. Nikikuta sabuni ni hii hii, nitatafuta kwingine."

Nilikuwa na mama mgonjwa ndani ya nyumba, na wenzangu wanne kati ya watano walikuwa na watoto. Kila nilipokoroga nilijiuliza kama ninakoroga sabuni au vidonda vya mtu.

Baba mdogo alinituma ufukweni Kibirizi nikawaulize wanawake wa dagaa, ambao nao walitumia sabuni yetu, kama wameungua. Nilichukua mche mmoja kwenye kanga. Wengi walisema hapana, wawili walisema ndiyo. Wakati nazungumza nao, mwanamke mmoja aliyekuwa akigeuza dagaa juu ya chanja aliacha kazi akanisogelea. Alikuwa mrefu, wa makamo, amefunga kitenge kilichopauka. Aliuomba mche, akaugusa kwa ncha ya ulimi, akatema.

"Hii iko na hasira," alisema kwa Kiswahili cha ng'ambo ya ziwa. "Munapima na nini?"

"Na bakuli, mama."

"Bakuli!" Alicheka kidogo, si kwa dharau. "Mi nilitumika miaka mingi ku fabrike ya pombe. Ku chumba ya kupima. Bakuli haituambie kitu."

Kutumika, kwa wao, ni kufanya kazi. Alinieleza kwamba huko kiwandani kwao kulikuwa na chumba ambamo watu hawakutengeneza pombe ya kuuza, walijaribu tu: leo wanabadilisha maji, kesho shayiri, kesho kutwa joto, na kila jaribio linaandikwa. Vita vilipofika, kiwanda kiliporwa mpaka milango. Yeye alivuka ziwa, akapelekwa kambini, akapewa kibali cha kutoka, naye akaja Kibirizi kugeuza dagaa.

Nilimpeleka Ujiji siku hiyo hiyo, njia nzima nikiwaza nitasema nini. Baba mdogo alikuwa mtu wa swala tano.

"Shikamoo baba. Nimekuja na mtu anayejua vipimo."

"Marahaba. Alijifunzia wapi?"

Yule mama akajibu mwenyewe: "Ku pombe, mzee."

Baba mdogo alivua kofia yake, akaikung'uta ingawa haikuwa na vumbi. "Mama, karibu, pole na safari. Lakini mambo ya pombe hayaingii kwenye sabuni yangu. Watu wanaitumia kunawa kabla ya kuswali."

"Sileti pombe, mzee. Naleta kipimo. Kipimo haikunywe."

Mpishi wetu mkuu aliguna kwa kujizuia kucheka. Baba mdogo hakucheka, ila alimwonyesha kiti.

Alichokitaka yule mama ni kifaa cha kupima uzito wa maji: ukikitia ndani ya maji matupu kinazama sana, ukikitia ndani ya maji yenye kitu kilichoyeyuka kinapanda. Kwao walijua kwa njia hiyo pombe imefikia wapi. Nilifikiri hakipo Kigoma nzima. Lakini alipochora, nilikitambua. Fundi wa kuchaji betri pale Mwanga alikuwa nacho: bomba la kioo lenye mpira wa kubonyeza kichwani, na ndani yake kijiti cha kioo kinachoelea, anachopimia asidi ya betri. Nilikuwa nimekiona mara nyingi bila kukitazama.

Fundi alituazima kwa shingo upande, na tulipokirudisha baba mdogo alikuwa ameagiza chetu.

Siku ya kwanza tu tulijua ugonjwa ulipokuwa. Bakuli moja la kostiki kutoka ngoma iliyofunguliwa juzi na bakuli moja kutoka ngoma iliyokaa mwezi vilitoa maji yenye nguvu tofauti kabisa. Kostiki iliyokaa ilikuwa imekunywa unyevu wa hewa. Tulikuwa tunapima unyevu na kuuita kostiki. Mpishi mkuu alitaka kupima papo hapo, maji yakiwa yanafuka, yule mama akamshika mkono.

"Wacha ipoe. Ikiwa moto, kipimo inakudanganya."

Alitufanyisha majaribio madogo ndani ya sufuria za nyumbani. Alinikataza kubadilisha vitu viwili kwa mara moja. Nikibadilisha nguvu ya maji, mafuta yabaki yale yale. Nikibadilisha mafuta, maji yasiguswe. Yote aliyaandika kwenye daftari la shule. Mikono yangu ilitaka kwenda haraka kwa sababu wiki mbili zilikuwa zinaisha, naye alikwenda polepole mpaka nikatamani kulia.

Jambo la pili lililotuchelewesha ni kukauka. Miche tulikuwa tukiipanga sakafuni. Upande wa chini ulibaki na maji, ule wa juu ukapasuka. Mama yule aliuliza mbona hatuna chanja. Kibirizi zamani dagaa walianikwa mchangani, mpaka watu wa utafiti wa samaki wakaja kuwaonyesha wavuvi chanja za waya zilizoinuliwa, hewa ipite chini na juu. Kila mtu wa Ujiji alijua habari hiyo, hata mimi. Hakuna aliyewahi kufikiri kwamba sabuni nayo inaweza kulala juu ya kitanda cha dagaa. Tulifunga waya wa kuku kwenye miti, na miche ikakauka kwa nusu ya siku tulizozoea, imenyooka, bila nyufa. Kuni zilikuwa zile zile na watu walikuwa sita wale wale, lakini banda lilianza kujaa.

Hapo ndipo ningepaswa kupumua. Sikupumua, kwa sababu kibali chake kilikuwa kimeisha muda.

Aliniambia kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayesema chumvi imekwisha. Alikuwa amekwenda kuomba kingine, akaambiwa asubiri. Baada ya siku mbili gari la matangazo likapita: mkimbizi yeyote aliye nje ya kambi bila kibali arudi, na mwenyeji yeyote anayemficha atachukuliwa hatua. Lilipita mtaa wetu mara tatu. Kila lilipokaribia, mpishi mkuu alizidisha kukoroga, na baba mdogo akatoka kusimama uani, mikono nyuma. Tangu hapo nikawa nasikia kila injini.

Lakini nataka kusema kweli, maana nimezeeka na hakuna wa kumdanganya. Sikuwa namwogopea yeye peke yake. Nilikuwa naogopa aondoke na kile anachokijua. Mchana mmoja alipokwenda kunawa, nilichukua daftari lake nikaanza kunakili namba, haraka haraka, mwandiko ukikimbia. Sikumsikia akirudi. Alikuwa amesimama nyuma yangu.

"Unaogopa nitaenda na sabuni yenu?"

Alivuta kigoda, akaketi.

"Andika," alisema. "Lakini unaandika majibu tu. Maswali umeyaacha."

Sikumwelewa. Niliona aibu, nikaendelea kunakili.

Mfanyabiashara alikuja siku aliyosema. Baba mdogo alimpa beseni na maji, akamwambia afue leso yake mwenyewe. Alifua, akanusa, akajitazama mikono, akasema atachukua miche yote iliyo kwenye chanja. Wenzangu walishikana mabega. Mimi nilikuwa natazama barabara, kwa sababu yule mama hakuwa amefika kutoka Kibirizi, alikolala, naye hakuwa mtu wa kuchelewa. Saa nne alikuja mwanamke wa dagaa kutuambia: polisi wamewachukua wakimbizi alfajiri kule Kibirizi, wengi, yeye akiwemo, kwa malori, wanarudishwa kambini.

"Baba, twende polisi tukamwombee," nilisema.

Baba mdogo alisema, "Wakiniuliza alikuwa anafanya nini kwangu, nitajibu nini? Babu yako mwenyewe alivuka ziwa hili. Usidhani siumii." Alikuwa ametahayari, na hakwenda.

Wiki tatu sabuni ilitoka vizuri kwa namba nilizonakili. Kisha tukapata mawese mapya kutoka kijiji cha Simbo, na sabuni ikaharibika. Pipa la kwanza lilikataa kuganda. La pili liligawanyika, mafuta juu, maji chini. Nilipekua kurasa zangu na kila namba ilikuwa sawa, hakuna iliyonifaa. Mfanyabiashara alikuwa na siku zake za kupakia mzigo, hasubiri. Nililala na kuamka na harufu ya mafuta yaliyooza puani.

Mwishowe nilimwomba mfanyabiashara lifti ya lori lake hadi kambini. Sikumwambia baba mdogo. Kile kipima cha kioo nilikifunga ndani ya taulo, nikakipakata njia nzima kwa hofu ya mashimo, wala sikujua bado kwa nini nimekichukua.

Nilimkuta yule mama nje ya kibanda cha turubai, anachambua maharage. Alikuwa amekonda. Nilianza kumwomba radhi, akanikatiza.

"Sabuni imekufa?"

"Imekufa, mama."

"Ulibadilisha vitu vingapi?"

Nilifikiri. "Mafuta ni mapya. Ngoma ya kostiki ni mpya. Na mpishi mkuu aliumwa, nilipika mimi."

"Tatu." Aliinua vidole vitatu. "Na unataka mimi nikupe namba?"

Nilianza kulia, nadhani kwa uchovu. Aliniacha nimalize, kisha akaniambia nirudi kwenye sufuria ndogo, nijaribu kimoja kimoja, nianze na mafuta, maana mawese yakikaa kwa muuzaji kwenye joto yanabadilika na yanadai kostiki ya kipimo kingine. Akaniambia pia kwamba wanawake wa kambini wanataka kupika sabuni yao, mawese wanapata kidogo, lakini hawana cha kupimia na anaogopa kuunguza watu.

Nilifungua taulo nikampa kipima. Kilikuwa mali ya baba mdogo, na wanunuzi wale wa kambini ndio walikuwa maisha yetu. Nilijua ninachokifanya.

Nikaazima tena cha fundi wa betri. Siku nne za sufuria ndogo zikanionyesha kwamba kosa lilikuwa mafuta peke yake. Sabuni ikarudi. Safari hiyo niliandika maswali kwanza.

Baba mdogo alijua kabla ya miezi miwili kupita. Mfanyabiashara alimletea mche kutoka kambini, mgumu, safi, akamwambia ataanza kununua huko nusu ya mzigo. Baba mdogo aliuzungusha mche ule mkononi, akaniangalia. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama. Hakunipiga wala hakunifukuza. Alinyamaza siku tano, na ndani ya zile siku tano nilifungasha nguo zangu mara mbili.

Siku ya sita aliniita. Alikuwa ameushika ule mche wa kambini puani.

"Yetu inanuka mawese ikikaa," alisema. "Hii hainuki. Wewe nenda kamuulize anafanyaje. Na umpelekee huu waya wa kuku, najua huko hawana."

Nilikwenda, na nikaenda tena mara nyingi. Alinifundisha kuyachuja na kuyaosha mafuta kwa maji ya chumvi, jambo walilolipata wenyewe kambini kwa kujaribu. Mimi nilimpelekea yale niliyojifunza kwa mawese ya Simbo. Mzigo wa kambini ulipungua kama nilivyoogopa, lakini kwa kuwa tulipika sabuni nyingi zaidi kwa nguvu ile ile, tulianza kuuza mpaka vijiji vya kusini mwa ziwa, na wote sita tulibaki kazini.

Watu walipoanza kurudi kwao, nilifika bandarini kumtafuta. Meli ilikuwa imejaa, wanawake wote wamejifunga vitenge, wote wamebeba vyombo vichwani. Niliita mpaka koo likakauka. Huenda alikuwemo, huenda alikuwa ameondoka na safari ya kabla. Nilisimama pale hadi walipotoa kamba, kisha nikapanda kurudi Ujiji, kwa sababu nilikuwa nimeacha maji ya kostiki yanapoa.