Nedra na Timu ya Kumi na Tatu

Kwetu Pickett mtu anapimwa kwa mambo mawili: mwenendo wake kanisani, na maneno yanayomtoka timu ikifungwa. Kanisani Nedra Tarpley hana doa. Kwenye hilo la pili, tumwachie Mungu.

Ana saluni ya nywele barabara kuu, mkabala na duka la chakula cha mifugo, na kiti cha mteja humo ndani kinatazama televisheni, si kioo. Anayetaka kujiangalia akajiangalie kwake. Nedra alizaliwa Jumamosi ya mechi. Baba yake alipewa habari akiwa uwanjani, na wazee wanasema alishangilia mara mbili mchana ule, mara ya kwanza kwa ajili ya mtoto na ya pili Nyigu, timu ya chuo chetu ya mpira wa Kimarekani, walipovuka mstari na mpira, na hiyo ya pili ndiyo iliyosikika mbali zaidi. Basi mtoto wa nyoka ni nyoka. Kila Jumatatu jioni, akishafunga saluni, Nedra hupiga simu kwenye kipindi cha mpira cha redio ya mjini, na mtangazaji Lyle Stubblefield akiisikia tu sauti yake huwaambia watu, "Wasikilizaji, fungeni mikanda."

Jambo moja tu hakulisema redioni hata siku moja. Mwanawe Wendell, jezi namba sitini na saba, alikuwa ndani ya timu ile ile, na kwa miaka minne hakuwahi kukanyaga uwanja siku ya mechi.

Wendell hakuitwa na kocha wala hakulipiwa masomo. Alijipeleka mwenyewe mazoezini, akafukuzwa, akarudi, mpaka wakamchoka wakampa kofia ngumu ya kuchezea. Ni mmoja wa wale wanene wa mstari wa mbele ambao mpira hawaugusi. Kazi yao ni kuwa ukuta, kumsukuma adui ili mwenye mpira apate njia. Kwenye nafasi yake alikuwapo Marcellus Boone, jitu la mtu, ambaye timu za mpira wa kulipwa zilikuwa zikimmezea mate, na nyuma ya Boone alikuwapo mwingine. Wa tatu ndiye Wendell, akisugua benchi. Kila Jumamosi Nedra alipiga kelele na wenzake kwa mdomo, na moyoni akawa na ombi lake peke yake: Bwana, dakika moja tu. Nimwone mara moja tu.

Mwaka huo dakika hiyo haikupatikana, kwa sababu Nyigu walikuwa wanashinda kwa tundu la sindano. Pointi mbili, pointi tatu, teke la sekunde ya mwisho. Walipoteza mechi moja tu msimu mzima, lakini hakukuwa na mechi hata moja ambayo kocha alipata nafasi ya kupumua na kumjaribu mtu wa benchi. Na ushindi huo mwembamba ndio ulioikera ile kamati inayokaa hotelini kuchagua timu kumi na mbili za kugombea ubingwa. Kila wiki kamati ilitoa viwango vyake, na kila wiki Nyigu walikuwa pale pale mlangoni, mguu mmoja ndani, mmoja nje.

Jumapili ya uteuzi, mchungaji alifupisha mahubiri pasipo kuombwa. Watu wakashuka ukumbi wa chini wa kanisa. Kulikuwa na nyama ya nguruwe iliyookwa taratibu usiku kucha, mayai ya kujaza, mkate wa mahindi na chai ya barafu yenye sukari ya kuua. Nedra alikaa mbele kabisa na mumewe Coy, dereva wa lori la chakula cha mifugo, mtu ambaye maneno yake ya wiki nzima yangeenea kwenye kijiko.

Timu zikaanza kutajwa. Ya kwanza, ya tano, ya tisa. Ikatajwa ya kumi na moja, nayo ilikuwa ile timu kubwa ya jimbo, yenye uwanja wa watu laki moja, iliyopoteza mechi tatu. Tatu! Ikatajwa ya kumi na mbili. Kisha televisheni ikawaonyesha vijana wetu wamekaa kwenye ukumbi wao chuoni, walioandaliwa kamera wapigwe picha wakifurahi, na sasa hakuna aliyejua aziweke wapi mikono yake. Mstari wa nyuma Nedra akamwona Wendell, ameinamisha kichwa.

"Ya kumi na tatu," mtangazaji wa televisheni akasema, "timu ya kwanza kuachwa nje, ni Pickett."

Nedra akasimama. "Wezi wakubwa hawa! Wanatuonea kwa sababu sisi wadogo! Mechi tatu wamefungwa, tatu, na wenye watoto wadogo wazibeni masikio, maana—"

"Dada Nedra," mchungaji akasema kwa upole, "uko chini ya madhabahu."

"Mchungaji, hata huyo aliye juu ya madhabahu ameiona hii televisheni."

Ukumbi mzima ukasema amina.

Kesho yake asubuhi mteja wa kwanza alikuwa Jerrilyn Mabry, rafiki yake tangu shule, ambaye kwa makosa ya kuolewa na mtu wa mbali aliishabikia ile timu kubwa. Alikuja amevaa fulana yao. Alikaa kitini kama malkia.

"Shoga, nipunguzie kidogo tu pembeni. Nataka nipendeze kwenye ubingwa."

"Jerrilyn, mimi nimeshika mkasi na wewe unanichokoza?"

"Nakuchokoza nini? Kamati imesema. Nyie mmecheza na nani? Na vyuo vya kushona nguo?"

"Nyie mmefungwa mara tatu!"

"Na wanaume, Nedra. Tumefungwa na wanaume."

Walicheka, lakini neno lile lilimkaa Nedra moyoni. Jioni alipompigia Lyle alikuwa hajapoa. Wakati huo Nyigu walikuwa wamealikwa kwenye mojawapo ya zile mechi za kifuta machozi wanazopewa walioachwa, hii ikiwa imedhaminiwa na kampuni ya achari za matango.

"Achari, Lyle!" Nedra akasema hewani. "Tumenyang'anywa nyama, tunapewa achari. Mimi nasema wasiende. Vijana wakatae. Bora lawama kuliko fedheha."

Simu zikafurika. Tangu lini mji huu ukakubaliana kwa jambo lolote? Siku hiyo ulikubaliana. Kabla ya jua la Jumanne kukolea, dukani na benki watu walikuwa wanasema maneno ya Nedra kana kwamba ni ya kwao, na mtu mmoja alikwisha kuyaandika kwa rangi kwenye shuka kuukuu na kulitundika darajani: WASIENDE.

Jumanne jioni Wendell alikuja kula nyumbani. Alikula kidogo, na kwa Wendell hiyo ni habari. Mama yake akamwongezea viazi, havikuguswa.

"Mama," akasema, "daraja lile umeliona?"

"Nimeliona. Safi kabisa."

"Alhamisi tunapiga kura. Twende au tusiende. Wenzangu wengi wanasema mama yako kasema kweli."

"Si nimesema kweli?"

Wendell akatazama sahani. "Marcellus haendi. Anaogopa kuumia kabla hajasaini na timu za kulipwa, na mimi simlaumu. Na yule wa pili amehamia chuo kingine. Leo kocha ameniita ofisini. Tukienda, naanza mimi."

Coy akaweka uma mezani. Nedra akalirudisha bakuli la viazi mezani. Mdomo huponza kichwa, lakini huu wake ulikuwa unaelekea kumponza mtoto. Miaka minne amemwomba Mungu dakika moja, na Mungu alipoinyoosha mechi nzima kwenye sahani, yeye mwenyewe alisimama redioni akauambia mji mzima uipige teke.

"Kwa nini hukuniambia jana?"

"Jana nilikuwa sijui. Na ukishashika simu ya Lyle, mama, nani anakushika?"

Hakungoja Jumatatu. Kesho yake jioni, kipindi kilipoanza tu, simu ya kwanza ilikuwa yake.

"Fungeni mikanda," Lyle akasema. "Bi Nedra, na leo? Leo si siku yako."

"Lyle, nimekuja kula matapishi yangu."

Lyle akagonga maikrofoni. "Rudia, Bi Nedra, labda mitambo ina hitilafu."

"Umenisikia. Waende. Vijana waende wakacheze."

"Juzi ulisema ni fedheha."

"Nilisema."

"Ulisema heri wabaki nyumbani wafue soksi."

"Lyle, mimi najua nilichosema, usinisomee. Ninaye mtoto kwenye timu ile. Sitini na saba. Hamumjui, kwa sababu hajawahi kucheza. Wakienda, atacheza. Juzi nilikuwa shabiki, leo ni mama. Mnaotaka kunicheka nichekeni, saluni yangu mnaijua iliko. Lakini si Wendell peke yake. Wako wengine kule benchi, na wao wana mama zao, ambao hawana midomo mirefu kama huu wangu."

Lyle aliomba tupishe tangazo la matairi.

Watu walimcheka, naam. Jerrilyn alimletea saluni chupa nzima ya achari, imefungwa utepe. Lakini lile shuka la darajani liliondolewa kimya kimya, na Alhamisi vijana walipopiga kura, waliosema twende waliwazidi waliosema tusiende kwa mikono michache. Kama ni kwa sababu ya Nedra au kwa sababu mechi inachezwa karibu na bahari, hilo waulizwe wao.

Wiki mbili baadaye Nedra na Coy walikuwa wamekaa kwenye uwanja ambao nusu yake ilikuwa viti vitupu. Getini walipewa tango moja moja la achari kwenye karatasi. Jua lilikuwa la baridi, upepo wa baharini unapeperusha makopo. Nyuma yao familia moja ilikuwa inalalamika kwamba kama si kamati, leo tungekuwa tunacheza mbele ya dunia nzima, na sasa tazama. Zamani Nedra angegeuka kuwasaidia. Hakugeuka. Timu ilikuwa inaingia.

Wendell alitoka mbio na wenzake kumi, mnene, miguu mifupi ya ukoo wa akina Tarpley, akaenda akasimama mahali ambapo kwa miaka minne alisimama mtu mwingine. Akainama. Akaweka mkono chini kwenye nyasi.

"Asante," Nedra akasema. Hakumwambia mtu wa karibu. "Asante, Bwana. Na wale wapumbavu wa kamati, wabariki. Wabariki wote, na watoto wao." Machozi yalikuwa yanamtoka wazi wazi na hakuyapangusa, maana angelazimika kuyafumba macho.

Mechi ilianza, na mwanamke aliyejua viwango vya timu zote za nchi hii aliisahau mechi. Mpira ukienda kushoto, yeye anatazama kulia. Watu wakisimama kumshangilia mkimbiaji, yeye bado anatazama pale ulipotokea msukumano, nani yuko chini, nani anainuka. Wendell alibwagwa mara ya kwanza, mara ya pili akabwagwa tena na jitu lenye ndevu. Nedra akamshika Coy mkono mpaka kucha zikaingia. Mara ya tatu Wendell alisimama imara. Baada ya mapumziko yule mwenye ndevu alianza kuhema, na Wendell hakuwa anahema, kwa kuwa mtu aliyepumzika miaka minne ana pumzi ya kuazima watu.

Dakika ya mwisho Nyigu walikuwa nyuma kwa pointi nne, hatua chache tu kutoka kwenye mstari; wakiuvuka na mpira, wameshinda. Uwanja wote ukawa umesimama. Mpira ukarushwa, Wendell akajitupa mbele. Akamkuta yule mwenye ndevu kifuani, akamwinua, akamsukuma hatua moja, ya pili, ya tatu, akamlaza chali nyuma ya mstari na yeye juu yake, na mbele ya mkimbiaji wetu pakafunguka njia pana kuliko mlango wa kanisa. Ngurumo ikapasua uwanja.

Nedra alikuwa anaruka. Tango lilimdondoka, mkoba ukamdondoka. Kule chini Wendell aliinuka, nyasi zimemjaa kwenye kofia, akampa mkono yule mwenye ndevu akamnyanyua, kisha akageuka kutazama majukwaani, anatafuta.

"Hapa! Tuko hapa, mwanangu! Hapa!" Akampiga mumewe begani. "Umeona? Coy, umeona alivyomlaza?"

"Nimeona."

"Chali! Amemlaza chali!"

Ngurumo ile ilikuwa inatoka upande wa pili wa uwanja. Kule wapinzani wetu wa jezi nyekundu walikuwa wanakumbatiana, na mmoja wao ameuinua juu mpira ambao mkimbiaji wetu, katika ile njia pana, na hakuna mtu mbele yake, aliuachia ukamponyoka.

"Mke wangu," Coy akasema, "tumefungwa."

Nedra bado alikuwa amepunga mikono yote miwili, kwa sababu Wendell alikuwa amemwona, ameivua kofia na kuiinua.

"Lakini umeona?"

"Nimeona," Coy akasema, akainama kumwokotea mkoba, na alipoinuka akamtundikia begani. "Nimeona, mama. Nimemwona."