Mayai Thelathini ya Vishingo

Mama mdogo hakulia tulipomzika dada yake, yaani mama yangu. Kesho yake alifungua duka, akaendelea kutengeneza redio za watu. Nilimwekea kinyongo miezi mitatu, sifichi.

Kisha ugonjwa wa kideri ukafagia banda zima la kuku wa mama, wale vishingo wenye shingo tupu aliowafuga tangu sijazaliwa. Yalisalia mayai thelathini ndani ya mashine ya kutotoleshea. Siku ya kumi na tisa ya kuatamia, sensa ya joto, kile kidude kinachoiambia mashine joto limefika wapi, ikafa. Nikakimbia kununua nyingine, na kwa papara zangu nikaleta isiyofaa: joto likipanda, yenyewe inashusha volti badala ya kuzipandisha. Mashine ingedhani kuna baridi, ingezidisha moto, na mayai yangechemka.

"Wewe na haraka zako," mama mdogo akasema. "Yatoe mayai, yafunike blanketi, weka na chupa za maji moto. Halafu nipishe."

Akatoa chipu isiyozidi ukucha wa kidole gumba. Ndani yake, alinieleza, mna saketi za kukuza umeme, naye huziunganisha kwa kuandika tu kwenye kompyuta. Akaiweka kati ya sensa na mashine, ili volti zinazoingia zikishuka, zinazotoka zipande. Akaandika, akapima. Mshale wa mita ukalala kwenye sifuri, ukagoma.

Nikakata tamaa kabisa.

"Mjinga mimi," akajicheka. "Nimezigeuzia volti kwenye sifuri, na chini ya sifuri chipu hii haiendi. Pembea iliyolala chini itashuka wapi? Lazima iinuliwe katikati."

Akafuta mstari mmoja, akaandika volti mbili na nusu. Hakugusa waya hata mmoja. Nikaifumbata sensa kiganjani, na mshale ukaanza kupanda taratibu, kwa joto la mkono wangu tu. Mwili ukanisisimka. Nimekulia katikati ya redio zake, lakini ajabu kama ile sikuwahi kuiona.

Mayai yakarudi ndani. Siku mbili duka halikufunguliwa. Tulipokezana kukodolea macho kipimajoto. Asubuhi ya siku ya ishirini na moja, yai moja likatikisika, likapasuka, akatoka kifaranga aliyelowa chapachapa, shingo haina unyoya hata mmoja.

Mama mdogo akamkinga kwa viganja viwili.

"Dada, hawajaisha," akasema, akalia mpaka nikamshika mabega.