Muhogo wa Ukweni na Soko la Komoro

Juzi, kwenye ukumbi mmoja wa Maili Moja, Kibaha, mtafiti kijana alituonyesha ukutani modeli yake ya biashara ya nje. Mstari wa grafu ulipanda kama umekunywa chai ya tangawizi. Alisema ushuru ukishuka, wakulima wa Kisarawe watapeleka muhogo mkavu Komoro kwa meli, maana kila aliyemhoji ameahidi kuuza. Viongozi wa ushirika wa wakulima hao walingoja tu kikao kiishe waagize mashine ya kukaushia.

Mwenyekiti wao, mama mwenye miwani iliyoteremka puani, akamgeukia mzee aliyekaa nyuma.

"Mzee wangu, na wewe ulihojiwa?"

"Nilihojiwa. Nikasema nitauza magunia yote."

"Kwani unalima muhogo?"

"Silimi. Mimi nina minazi."

"Sasa mbona ulikubali?"

Mzee akamnyooshea mtafiti kidole. "Huyo ni mkwe wangu! Kaja na sukari, kavua viatu mlangoni, anauliza kwa adabu. Nimwambie hapana?"

"Na wenzako?"

"Kijiji kizima ni wakwe zake!"

Ukumbi ukalipuka. Mtafiti mwenyewe alicheka mpaka akaketi. Mashine ikaahirishwa, na ikaamuliwa atumwe mtu mwingine akahoji upya, ambaye hajaoa Kisarawe.

Nimesoma uchumi. Hesabu zetu zina nafasi ya umbali, bei na ushuru, ila ya mkwe hazina.

Mlangoni nilimsikia mzee akimfariji kijana: "Lakini ule mstari wako, baba, ulikuwa mzuri sana."

Sifa hiyo nayo ilitoka kwa mkwe; nisingeiingiza kwenye hesabu.