Jina Langu Bado Liko Mbita, Mimi Niko Suna

Admin, nifiche jina. Leo ni Jumapili, na ni miaka ishirini na mitatu tangu niondoke kwetu karibu na Mbita, nyumba yangu ilipochomwa kwa ugomvi wa shamba. Nina miaka sabini na moja. Ninaishi Suna, kwenye nyumba ya mawe, maji yanatoka bombani, na watoto wangu hunitumia vitabu vingi kuliko ninavyoweza kusoma. Sina shida yoyote.

Lakini sijawahi kuomba barua ya kuhamisha ushirika wangu kutoka kanisa letu la Kisabato la kando ya ziwa. Hapa Suna kila Sabato nakaa nyuma kama mgeni. Kule bado mimi ndiye mzee wa kanisa, na ni mimi peke yangu niliyewekewa mikono ili niweze kuongoza meza ya Bwana. Kila unapofika uchaguzi wa viongozi wa kanisa, kamati hunipigia simu, nami hukubali. Niliona huo ndio uaminifu. Niliwanunulia mabati. Kila wiki nauliza nani mgonjwa, nani ameacha kuja, na wakipungua nawakemea.

Jana nilipiga simu nikalalamika kwamba wamelegea. Aliyeipokea ni mama shemasi, mjane anayeuza dagaa wa omena, niliyemfundisha Biblia akiwa msichana.

"Jaduong', mzee wetu, kwenye meza ya Bwana hatujaketi mwaka wa pili sasa," akasema. "Mchungaji ana makanisa mengi. Wewe ndiye wa kutuongoza, na uko hapo kwa kochi. Miguu yetu utaiosha kwa simu?"

Sisi huoshana miguu kabla ya meza hiyo. Nikasikia watu wakicheka nyuma yake. Nikauliza kwa nini basi hawachagui mwingine. Akanijibu kwamba yuko fundi wa boti anayefaa, ila hakuna anayethubutu kumtaja, wasije wakanivunja moyo. Akaongeza kwamba ugomvi wa shamba uliisha zamani, na nikitaka kurudi watanijengea.

Tangu jana nina hasira. Nimewakasirikia kwa kuniheshimu hadi wakakosa mkate na kikombe. Nimejikasirikia zaidi, kwa sababu nilikuwa nikiwaombea huku nimewazibia njia. Lakini nikiomba ile barua, nani tena atanieleza habari za wagonjwa? Nitakuwa mzee wa nani?

Ninyi mliohama makwenu, nisaidieni mawazo. Niwaachie hicho kiti sasa, au kuna njia ya kuwajali bila kukishika? Ila msinishauri nirudi. Nimezoea raha ya hapa, na huo ndio ukweli. Sitarudi.