Taa Iliyopona Jua Likitoka

Siku yangu ya kwanza kazini Tarime niliianza kwa kuchekwa. Nilikuwa nimepangiwa kazi kutoka Mtwara, fundi wa magari ya serikali, na nilifika karakana nimejitanda kanga mbili juu ya sare, meno yanagongana, mkononi nimeshika chupa yangu ya mafuta ya nazi. Nilishindwa kujipaka asubuhi ile. Mafuta yalikuwa yameganda meupe mpaka shingoni mwa chupa, nami tangu nizaliwe sikuwahi kuona mafuta ya nazi yakawa jiwe. Nikaamini nimeuziwa feki.

Nikamwendea Mkuu wa Karakana, mzee wa Kikurya, mrefu, mwenye sauti nzito na maneno machache.

"Shikamoo mzee. Hebu niangalizie hii."

"Marahaba." Akaipindua chupa, halikudondoka hata tone. "Mama, hapa siyo Mtwara. Iweke juu ya boneti ya gari linalonguruma, utapata jibu."

Nikaiweka. Mafuta yakaanza kulegea pembeni, kisha yakaachia katikati, kisha yakawa maji. Mimi nimesimama palepale nayakodolea macho, kazi sijaanza, na mafundi wenzangu wamevunjika mbavu. Nikauliza kwa nini yameanzia pembeni. Nikauliza kwa nini petroli haigandi. Kabla ya chai nilikuwa nimeshapewa jina, Mama Kwanini, na nilibaki nalo hadi nilipostaafu. Mwanzoni liliniudhi. Baadaye mtu akiniita kwa jina langu la kuzaliwa, Somoe, nilichelewa kugeuka.

Nyinyi vijana wa siku hizi mnachomeka kompyuta kwenye gari, inawasomea ugonjwa. Sina neno, ni jambo zuri, ningeipata ningeichezea mchana kutwa. Sisi tulikuwa na masikio, pua, vidole, na dereva wa kumhoji. Dereva ndiye aliyekuwa kompyuta yetu, tatizo ni kwamba kompyuta hiyo inajua kuficha.

Sasa niwasimulie pikapu ya Nyanungu.

Ilikuwa pikapu ya kituo cha afya, gari pekee la kuwashusha wagonjwa kutoka kule juu. Barabara yenyewe wakati wa mvua ni utelezi mtupu, mlima upande huu, korongo upande ule. Bila fowili hushuki. Fowili ni ule mtambo unaoyafanya matairi yote manne yavute, badala ya yale mawili ya nyuma peke yake. Dereva anasukuma kijiti kidogo pembeni ya gia, na kwenye dashibodi inawaka taa. Taa ikitulia, ujue matairi ya mbele yameshika kazi. Taa ikiwaka na kuzima, mtambo unasema mambo hayajakaa sawa. Madereva walikuwa wanasema taa "inakonyeza".

Ya Nyanungu ilikuwa inakonyeza kila asubuhi yenye baridi. Dereva wake, Marwa, kijana makini asiyependa mzaha na gari, alikuwa anatupigia simu analalamika. Tunamwambia alete. Anangoja barabara ikauke, anashuka, anafika mjini jua limewaka, na taa imetulia tuli. Nilifuatilia waya wote, nikabadilisha fyuzi, nikapima betri. Gari zima! Linarudi Nyanungu, kesho yake simu: "Mama Kwanini, imeanza tena kukonyeza."

Jamani, lilinikosesha raha gari lile. Wenzangu walisema Marwa anatafuta safari za mjini tu. Mimi sikuamini. Nilitaka kujua ni ugonjwa gani huo unaopona jua likitoka.

Mkuu wa Karakana hakucheka. Miaka ya nyuma gari jingine liliserereka kwenye mteremko uleule kwa sababu fowili haikushika, na yeye ndiye aliyekwenda kulivuta. Tangu hapo alitoa amri: taa ikikonyeza, gari halishuki. Siku zile kinamama wa Nyanungu waliopata uchungu asubuhi walishushwa kwa machela, wanaume wanapokezana mabegani, matopeni. Na wakubwa walishaanza kusema kwamba gari lisiloaminika lirudishwe mjini, lifanye kazi za tambarare.

Akaniita. "Ukiliacha lichukuliwe, kule juu hawapati jingine. Unajua hilo?"

"Najua mzee."

"Basi ugonjwa hauonekani hapa. Ufuate unakolala."

Nikapanda Nyanungu jioni, mwishoni mwa masika, mvua bado zipo na baridi imeshaingia. Nikafikia kwa nesi wa kituo, Nesi Ghati, mwenyeji wa kulekule, mcheshi, aliyenipa blanketi tatu na bado nikatetemeka. Kulikuwa na mgeni mwingine pale, mama kijana anaitwa Bhoke, mjamzito, siku zake zimekaribia. Alikuja kukaa jirani na kituo kabla ya wakati. Nikamwuliza kwa nini asingoje nyumbani. Mimi na mdomo wangu!

"Wa kwanza nilimpoteza njiani," akasema. "Juu ya machela. Mvua ilikuwa inanyesha. Hiyo machela mimi sipandi tena." Halafu akanitazama. "Wewe ndiye fundi wa ile taa?"

Nikamwambia ni mimi. Usingizi wangu ukaishia hapo.

Alfajiri ukungu ulikuwa umelala hata ng'ombe zizini huwaoni. Marwa akawasha gari, akasukuma kijiti. Naam! Taa ikaanza kukonyeza mbele ya macho yangu. Niliruka kwa furaha, Marwa akadhani nimechanganyikiwa.

"Unashangilia ugonjwa, mama?"

"Nashangilia kuuona. Haya, sogeza gari pale kwenye tope la njia ya ng'ombe, uondoke taratibu."

Nikachuchumaa pembeni, macho kwenye matairi ya mbele. Yalikuwa yanakamata tope na kulitupa nyuma, sawasawa na ya nyuma. Fowili ilikuwa imeshika. Mtambo mzima, taa ndiyo inayosingizia. Je, nani anaipelekea taa habari za uongo?

Mpeleka habari wa taa ni swichi. Imekaa chini ya gari, kwenye giaboksi ndogo, na ina kipini cha chuma kinachotoka na kuingia ndani ya kofia ya mpira. Fowili ikishika, kipini kinatoka na taa inatulia. Kisipotoka, taa inakonyeza. Nikalala chini ya gari, mgongo kwenye tope la baridi, nikaifungua. Kofia ya mpira ilikuwa imejaa kitu cha manjano, kigumu, chenye chembechembe. Kipini kimenaswa humo. Nikanusa. Nikanusa tena.

"Marwa! Nani anapikia chini ya gari?"

Akainama. Akaona nilichoshika, wala hakuona aibu.

"Ni samli. Niliijaza mimi."

"Samli? Kwa nini?"

"Tope linaingia mle. Sisi ngozi za nira tunazipaka samli kila msimu wa kulima, na maji hayapiti. Nikaona hata hii itasaidia. Tena nilimwomba mama anipe ile nzuri."

Nikacheka hadi machozi. Na palepale, jamani, nikaiona chupa yangu ya mafuta ya nazi juu ya boneti. Asubuhi samli inaganda, inakishika kipini. Gari likitembea giaboksi inapata moto, jua linapanda, samli inayeyuka, kipini kinajiachia. Linafika kwetu limepona! Nikaibana swichi kwapani. Baada ya muda kipini kikaanza kucheza. Nikaiweka juu ya jiwe lenye umande, kikanasa tena. Nikarudia kwa raha zangu, kama nina siku nzima.

Sikuwa nayo. Nesi Ghati alikuja anakimbia.

"Bhoke ameanza, na mtoto amekaa vibaya. Hapa siwezi, lazima ashuke sasa hivi. Wanaume wameshaleta machela."

Bhoke alikuwa mlangoni, ameshika nguzo kwa mikono miwili. "Machela sipandi," akasema. Hakupiga kelele.

Nikamtazama Marwa. Akatikisa kichwa. "Amri ni amri, mama. Gari lenyewe sasa hivi hata swichi halina."

"Nesi, chai yako imechemka?"

"Eeh, iko jikoni. Unataka chai saa hizi?"

"Nataka maji yake, hata kama yana majani."

Akaleta sufuria. Nikamimina kwenye bakuli, nikatumbukiza swichi. Samli ikaachia, ikaelea juu kama mafuta ya mchuzi. Nikaipangusa kwa upindo wa kanga, nikaisuuza kwa petroli kidogo, nikaifuta tena, kipini kikaingia na kutoka kama kipya. Nikarudi topeni. Vidole vilikuwa vimekufa ganzi, nati ikaniponyoka, nikaitafuta kwa kupapasa huku namsikia Bhoke anaguna. Niliogopa, sitawaficha. Maishani mwangu sijawahi kufunga nati kwa woga ule.

"Washa!"

Marwa akawasha, akasukuma kijiti. Taa ikakonyeza mara moja. Halafu ikatulia, na haikupepesa tena.

"Imekubali," akasema Marwa. "Mpandisheni."

Tulishuka polepole, gia nzito, matairi yote manne yanauma tope. Nesi Ghati amemshika Bhoke kiunoni, mimi nimekaa mbele, na badala ya kuangalia barabara nilikuwa naangalia taa njia nzima. Kwenye kona alikompotezea yule wa kwanza, Bhoke alifumba macho, akanibana bega kwa nyuma. Alama za kucha zake zilikaa siku kadhaa.

Kutoka hospitali ya mjini nilimpigia Mkuu. Nikamweleza swichi, kipini, samli, maji ya chai, mpaka pumzi ikanikata. Akanisikiliza hadi mwisho.

"Na mama?"

"Amejifungua, mzee. Msichana. Wote wazima."

"Mura, hilo ndilo ungeanza nalo."

Sisi wanawake hatuitwi mura, hilo ni jina la vijana wa kiume. Kwake nililipokea kama cheo.

Marwa hakupewa lawama yoyote, na mimi nilisimama upande wake. Wazo lake la kujaza ile kofia lilikuwa sahihi kabisa, kilichokosewa ni mafuta yenyewe, yametoka jikoni. Tuliweka grisi isiyoganda kwa baridi, na baadaye tukafanya hivyohivyo kwenye pikapu nyingine za milimani. Gari la Nyanungu likabaki Nyanungu. Mimi nilihamishiwa Mugumu, huko shida ni vumbi na si baridi, nikawachosha madereva wa Serengeti kwa maswali mapya. Kisha nikarudishwa Tarime, na hapo ndipo nilipostaafia. Kwetu Mtwara naenda kusalimia tu. Mwili umeshazoea baridi.

Mkiniuliza kazi ilinifundisha nini, nitawaambia kila gari na kwao. Lione kwao, katika saa yake, na umsikilize anayeishi nalo hata kama amelipaka samli.

Siku ya kuniaga, Juni, asubuhi ya ukungu, Bhoke alishuka kutoka Nyanungu na chupa iliyofungwa kwa kitambaa.

"Fundi, hii ni ya kula," akasema, watu wote wanasikia. "Nikiikuta chini ya gari tutagombana."

Tukacheka sana. Nyuma yake alisimama binti yake, amevaa sare ya shule, ndiye aliyeibeba chupa njia nzima. Hakuwa anacheka. Alikuwa ameichukua tena, anaipindua juu chini, anasubiri kitu kidondoke.

"Bibi, shikamoo. Kwa nini imekuwa ngumu?"

Mgeni rasmi alikuwa ameshasimama kuanza hotuba. Nikamshika mtoto mkono, tukatoka nje kutafuta gari lenye boneti ya moto.