Bei ya Mtungi kwa Gazeti la Simu

Bure? Nani kakwambia ni bure? Eti gazeti la kwenye simu halina karatasi, halina wino, kwa hiyo halina gharama! Mjomba wangu alinirushia maneno hayo dukani kwake Biharamulo, anapofanya kazi ya kuchapa, mbele ya wateja wake, na mimi sikuzaliwa bubu. Nikamwambia, "Shikamoo mjomba, halafu unisikilize vizuri."

Nilikuwa nimetoka Mugoma kwa basi, simu nimeikumbatia kama kifaranga. Ndani yake mlikuwa na toleo la kwanza la jarida letu. Maneno yangu, michoro ya rafiki yangu. Rafiki huyo alikuja kutoka Burundi na kundi la wakimbizi, akafikia kwa shangazi yake, nyumba ya jirani na sisi. Alikuwa anachora kwa kidole kwenye simu ya kupangusa iliyopasuka kioo, na kidole kikifika kwenye ufa kinaruka, ndiyo maana watu wake wote walikuwa na kovu shavuni.

Hadithi yake ilikuwa ya mbuzi mkimbizi. Mbuzi kavuka mpaka, kafikishwa mezani kwa karani, kaulizwa majina ya babu zake wote, sasa anaambiwa aweke dole gumba. Mbuzi anaitazama kwato yake. Toleo likaishia hapo.

Kazi ya mjomba ilikuwa moja tu, kuzipanga kurasa kwenye kompyuta yake ziwe faili la kusomeka. Akamaliza, akanitajia bei ya kuchapa, kwa kila ukurasa.

"Ukurasa uko wapi, mjomba? Niushike."

"Huo hapo kwenye kioo."

"Hujachapa kitu!"

"Kwa hiyo macho yangu yamechoka bure?"

"Si umesema gazeti la simu ni bure?"

Wateja wakacheka mpaka mmoja akasahau alichofuata. Mjomba akanipunguzia, kwa kinyongo, akasema, "Mpwa wangu, hewa haiuzwi. Utakuja kuniambia."

Ongeza hapo nauli. Ongeza bando, ambalo huku kwetu linaisha ukiwa bado unapanda kilima kutafuta mtandao. Ongeza kuchaji kwa kinyozi mwenye sola, ambaye akishika mashine ya kunyolea, simu yako inakaa na njaa mpaka kichwa cha mtu kiishe. Wewe uliona wapi gazeti linalosubiri ndevu?

Na shangazi wa rafiki yangu alishatoa neno lake. Jarida likirudi mikono mitupu, simu inauzwa na rafiki yangu anakwenda Biharamulo kuosha vyombo kwenye mgahawa wa ndugu yao. Hakusema kwa ukali. Nyumba ilikuwa na midomo mingi mipya, na kidole kinachochora mbuzi hakishiki jembe. Mimi nikaapa, huyu haendi popote. Akienda kuosha sahani, mimi naenda kuzivunja.

Tukapanga bei, shilingi mia tano kwa nakala. Mnunuzi wa kwanza alikuwa fundi baiskeli. Alilipa palepale, tukamrushia faili, tukarudi nyumbani tunaruka.

Kesho yake tukazunguka kijiji kizima kuuza, hatukupata hata mmoja, lakini kila mtu alimjua mbuzi! Nikamwamkia bibi mmoja ambaye hana hata simu ya tochi. "Marahaba," akaitikia, "hivi kwato aliiweka?" Mama mmoja wa Bisibo, mbali kote huko, alimpigia dada yake wa Mugoma kuuliza hilohilo.

Nikakimbia kumtafuta fundi. Nikamkuta kilabuni.

"Wewe mwizi! Umewarushia watu wote gazeti letu!"

"Mwizi gani analipa?"

"Umelipia moja!"

"Nimelipia moja, nikakaribisha watu. Kwani nikinunua mtungi wa urwagwa nakunywa peke yangu kama mchawi?"

Na kweli mtungi wa pombe ya ndizi ulikuwa katikati yao, wameuzunguka, kila mtu na mrija wake. Nilikuwa navuta pumzi nimtukane vizuri, rafiki yangu akaanza kucheka.

"Tumekosea bei," akasema. "Tumeuza mrija. Tuuze mtungi."

Kilabuni hakuna anayelipa kwa funda. Watu wanachanga, mtungi unakuja, na anayepita anapewa mrija. Basi na sisi, kijiji kichange kwanza, toleo la pili litoke, halafu warushiane mpaka vidole viote sugu.

Tukaazima mtungi mtupu, tukauweka mlangoni pa kilabu. Mimi kelele ni kazi yangu. "Kwato iliwekwa au haikuwekwa? Mchango ukitosha mtajua!" Watu wakatumbukiza sarafu. Wasio na sarafu wakatumbukiza maharage. Mmoja akatumbukiza vocha iliyokwisha kukwanguliwa, nikamfukuza mpaka kwenye mibuni. Katekista, ambaye hapaswi kuonekana kilabuni, alikuja kinyumenyume, ili akionekana aonekane anaondoka.

Jioni mtungi ulikuwa umefika nusu, na kwa sehemu kubwa ni maharage. Bando halinunuliwi kwa maharage. Tukambebea shangazi mtungi kama ulivyo, roho mkononi. Akaingiza mkono, akakoroga.

"Haya yote kayaleta mbuzi?"

"Ndiyo, shangazi."

"Basi huyu mbuzi anafanya kazi kuliko mume wangu."

Akachukua maharage, sarafu akatuachia za bando na za kinyozi. "Abaki," akasema. "Mpaka mtungi mwingine."

Toleo la pili likatoka. Mbuzi aliweka kwato, karani akaitazama, akasema dole limefutika, rudi kesho. Kilabu kizima kilipiga kelele za hasira, na waliopiga zaidi ni wale waliowahi kusimama kwenye foleni ile.

Kwa hiyo, mjomba, hewa inauzwa, ila haiuzwi kwa mdomo mmoja mmoja. Na kila toleo mtungi unarudi mlangoni ukiwa mtupu, na rafiki yangu anaanza upya kuutazama kama mgonjwa wake.

Na wewe uliyerushiwa hii na mwenzako, usijifanye hunioni. Umeweka nini mtungini?