Kocha wa Mipira Iliyokufa

Kazi yangu ilianza pale mpira uliposimama. Kona, faulo, mipira ya kurushwa: makocha huiita mipira iliyokufa, na mimi nililetwa Saudia kuifufua.

Kabla ya hapo nilikuwa beki wa kushoto wa kulipwa, nyumbani Mombasa, Kenya, mpaka goti likagoma. Ukocha sikuusomea popote. Niliusoma kitandani, mguu juu ya mito, nikitazama kona za ligi za wenzetu kwenye simu na kuzirudisha nyuma mpaka macho yakawasha. Nilitaka kujua kwa nini mfungaji alikuwa peke yake. Nani alimwacha? Nani alimzibia beki njia? Mchezo ukiwa unaendelea mtu hawezi kupanga kitu, lakini kwenye kona kila mmoja anasimama na kungoja. Mimi ni mtu ninayerudi kutoka kituoni kuhakikisha nimefunga mlango. Niliona nimepata mahali pangu duniani.

Nilianzia Riyadh, katika klabu ndogo ya daraja la chini, msaidizi wa wasaidizi. Nilipanga chumba mtaa wa Al-Suwaidi na Mkenya mwenzangu, dereva wa familia moja ya huko. Siku ya kwanza aliniuliza nafanya kazi gani, nikamweleza.

"Ngoja, buda," akasema. "Yaani wewe ni wa kona tu?"

"Na faulo."

"Na throo ni kazi ya nani?"

"Pia yangu."

"Aaah, basi uko na majukumu mob." Akacheka mpaka akaweka chai chini. Kuanzia hapo alinitambulisha kwa madereva wenzake kama waziri wa kona.

Kocha mkuu wa klabu ile alipofukuzwa, sisi wasaidizi wote tulifukuzwa naye. Nilikuwa nimeshaanza kufunga mizigo pale msaidizi wake wa kwanza, Mtunisia mmoja mpole, alipopata timu Jeddah, nayo ilikuwa karibu kushuka daraja. Akanipigia simu. Alisema wazi: "Tukibaki kwenye daraja, unabaki na mimi. Tukishuka, halas, basi, sitakuwa na la kukusaidia." Ikama yangu, kibali cha kuishi nchini, ingekuwa chini ya klabu hiyo. Nilielewa vizuri. Hakuna timu ingemtafuta kocha wa kona ambaye timu yake imeshuka.

Jeddah nilikaa mtaa wa Bani Malik kwa shangazi, binamu ya baba, ambaye wazee wake walitoka Unguja yeye hajazaliwa. Kiswahili chake ni cha mama yake, kimehifadhiwa vizuri kuliko changu.

"Mwanangu," aliniuliza akimenya viazi, "watu wazima wakulipa uwafunze kusimama?"

"Siyo kusimama tu, shangazi. Kusimama mahali panapofaa."

"Na mie n'mesimama jikoni humu tangu n'olewe, mbona hawaniletei mshahara?"

Uwanjani niliweka visahani vya plastiki kwenye nyasi, kila mchezaji na chake. Wiki ya kwanza kona zilikuwa zinadondoka kabla ya kufika kwenye visahani. Nikamlaumu mpigaji, kisha nikavisogeza kumkaribia, upande wa mlingoti wa kwanza wa goli. Nikamfundisha mpigaji pigo moja, lile lile, mpaka mguu wake ukasahau mengine yote.

Mgumu alikuwa kapteni, beki mrefu wa mjini hapo hapo, mwenye mzaha mwingi. Alizoea kuufuata mpira kwa hisia.

"Kocha, mimi nauona unakuja huku."

"Usiutazame. Kimbilia nafasi yako, mpira utakukuta."

"Na usiponikuta?"

"Utakukuta."

"Yalla, wewe ndiye mhandisi," alisema, na wenzake wakacheka. Lakini alitii. Ilichukua muda, na nilimrudisha kwenye kisahani chake kila alipotoka, hata nusu hatua, hadi akaacha kutoka.

Mabao yakaanza kuja. Tulifunga kwa kona nyumbani, mechi baada ya mechi, na watu wa klabu wakaanza kunisalimia kwa mikono miwili. Sikufurahi hata mara moja. Wenzangu walikuwa wakikumbatiana, mimi nikiwaza kwamba yule wa mlingoti wa mbali alichelewa. Usiku nililala na hofu kana kwamba tumefungwa sisi.

Mechi ya mwisho ilikuwa Riyadh. Sare ingetosha kutubakisha. Mtunisia akaniuliza kama twende siku moja mapema, tuuzoee uwanja. Nilimwomba tusiende. Nilitaka mazoezi ya mwisho tuyafanye Jeddah, kwenye visahani vyangu, ambako nilijua kila kitu kilivyo. Akaniamini.

Kona yetu ya kwanza ilipita juu ya vichwa vyote. Nikamkunjia uso mpigaji. Ya pili ikafanya vile vile: pigo safi, mkunjo mdogo kuliko kawaida, na mpira ukaendelea kwenda. Hapo nikaelewa. Riyadh iko juu, hewa yake kavu na nyepesi. Jeddah iko usawa wa bahari, hewa nzito. Ile wiki ya kwanza Jeddah, kona zilikuwa fupi si kwa kosa la mpigaji. Nilikuwa nimetoka Riyadh na vipimo vya Riyadh kichwani, Jeddah ikanisahihisha, nami nikasogeza visahani bila kujiuliza kwa nini.

"Punguza!" nilipiga kelele. Akapunguza, mpira ukaishia kwa beki wa kwanza. Hakuwa na pigo la katikati. Mimi ndiye niliyemnyang'anya.

Tulikuwa nyuma kwa bao moja dakika za mwisho tulipopata kona nyingine. Mpira ulipaa, ukavuka kundi zima, ukaanza kushuka nyuma ya kapteni, hatua mbili tu, mahali pasipo na mtu. Wachezaji wangu wote walikuwa wamesimama sawasawa. Sijawahi kuona kona iliyopangwa vizuri vile. Niliona shingo ya kapteni ikigeuka, ikiusindikiza mpira, miguu ikiwa pale pale nilipoiweka. Ukatoka nje. Muda mfupi baadaye filimbi ikalia, tukawa tumeshuka.

Kwenye chumba cha kubadilishia nguo nilikaa karibu na kapteni.

"Uliuona?"

"Tangu unatoka mguuni, kocha."

"Mbona hukuufuata?"

Alinitazama bila hasira, na hilo ndilo lililoniumiza. "Uliniambia nisitoke."

Mtunisia aliondolewa wiki hiyo hiyo. Nilikwenda ofisini kuuliza habari yangu, na karani akamuuliza mwenzake kwa sauti kama msimu ujao kuna kocha wa kona. "Mafi, hakuna," mwenzake akajibu bila kuinua kichwa. Wakaanza kunishughulikia ruhusa ya kuondoka nchini moja kwa moja.

Kapteni alinipa lifti hadi Bani Malik. Alisema atapumzika, labda acheze na marafiki siku za Ijumaa, bila kocha, akacheka kidogo. Nikamuuliza kitu nilichokuwa nacho moyoni tangu Riyadh: kama ningemwacha afuate hisia yake, angefunga?

Alipunguza mwendo. "Labda ningefunga. Labda ningepaisha. Lakini ningekuwepo."

Nilishuka kwenye gari lake bila kumuaga vizuri.

Sasa nasubiri karatasi zikamilike. Nimeziandikia klabu nyingi. Moja ilijibu, ikauliza kama najua mazoezi ya viungo. Bado natazama kona kwenye simu, bado narudisha nyuma, lakini siku hizi namtazama mtu aliyetoka kwenye nafasi yake, na sijui ningemfundishaje mtu kitu kama hicho.

Jana shangazi alikuwa akinikunjia mashati, akaniuliza nikifika Mombasa nitafanya kazi gani. Nikamwambia sijui.

"Kwani huko hakuna kona?"

"Zipo, shangazi," nikamjibu. "Wanapiga tu."